Njia ifuate ardhi au ardhi ifuate njia? Nalinganisha namna nne za kurekebisha kimo kwenye Trainz

Wadau wa treni za kompyuta, leo naongelea kitu kimoja tu ambacho kimenikosesha usingizi kuliko vyote kwenye Trainz, ule mchezo wa treni unaokuruhusu kujenga ramani yako mwenyewe, nacho ni kimo. Umelaza reli yako safi, kona imekaa, stesheni umeipanga, alafu unashusha kamera mpaka chini unakuta hapa reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, mita mia mbele imezama kwenye udongo mpaka mataruma hayaonekani, unaona nyasi tu na treni inapita juu ya nyasi. Barabara ya pembeni nayo hivohivo, kipande lami kipande majani. Sa hapo ndo unatakiwa uchague, unaivuta njia ifuate ardhi au unaivuta ardhi ifuate njia.

Wengi wanafanya ile inayokuja kwanza kichwani. Mi nimefanya zote na nimeharibu ramani kwa zote, kwa hiyo nina la kusema. Na msimamo wangu nautoa mapema usije ukasoma mpaka chini ukiutafuta: reli ni bosi wa ardhi, ardhi ni bosi wa njia ya miguu, na barabara iko katikati inategemea ni barabara gani. Kinachobaki ni kwanini, na wapi hiyo kanuni inakuangusha.

Kwanza tuelewane vitu vinavyokaa humo ndani. Kwenye Trainz reli, barabara, uzio, njia ya miguu, nguzo na nyaya, vyote hivi ni splaini, yani mstari unaobebwa na vidoti, na kila kidoti kina kimo chake. Kidoti ambacho hujakipa kimo kinakaa juu ya ardhi, ukiinua ardhi kinapanda nayo ukichimba kinashuka nayo. Ukishakipa kimo mwenyewe kinashikwa palepale, chimba shimo la taka chini yake hakishuki. Sa kinachochanganya watu ni hiki, kati ya kidoti na kidoti mstari hauangalii ardhi kabisa. Unatoka kimo cha huku unaenda kimo cha kule basi, kilichopo katikati shauri yake, kikiwa kichuguu kitatoboa reli kitokee juu, likiwa korongo reli itaelea.

Na ardhi nayo ina tabia zake. Ramani inaunganishwa kwa vipande vya ardhi vinavyoitwa ubao. Ubao mmoja ni mita 720 kwa 720, na gridi ya kawaida ina miraba ya mita 10, kuanzia toleo la Trainz la TS2009 ukapatikana na ubao wa gridi ya mita 5. Maana yake ni kwamba huwezi kuinua kijistari chembamba cha udongo, unainua pembe ya mraba na pande zote zinazoizunguka zinavutwa nayo, kama turubai la msibani likisimamishwa nguzo katikati. Hilo turubai likumbuke, litarudi.

Namna ya kwanza, njia ifuate ardhi

Hii ndo rahisi kuliko zote. Unaondoa vimo ulivyoweka, unaacha vidoti vikae chini vyenyewe, pale njia inapozama au kuelea unaongeza kidoti. Hakuna udongo unaoguswa, nyumba na miti vinabaki vilivyo, na kazi ya kilomita nzima unaimaliza chai haijapoa.

Kwa njia ya miguu hakuna kinachoishinda. Watu wanapotembea hawachongi mlima, wanapanda nao na kushuka nao, wakikuta shimo wanalizunguka. Ukiweka kidoti kila mita 10 mpaka 15 njia inalala kwenye ardhi kama imekanyagwa miaka ishirini. Uzio wa shamba pia hivohivo, na barabara za vumbi za kijijini, ingawa hizo mi naachia vidoti mita 20 mpaka 40 ili gari lisiruke kama liko kwenye trampolini.

Kwa reli hapana. Na hapa nisimulie aibu yangu. Nilikuwa natengeneza kipande cha kubuni lakini chenye sura ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pale kati ya Mlimba na Makambako, maana mjomba wangu alifanya kazi gengi huko enzi zake, kushindilia kokoto na kubadilisha mataruma, na nikataka nimshangaze. Reli yenyewe ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 mpaka 1975, na hicho kipande cha kupanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu ndo kilichowatoa jasho kweli wajenzi. Mi nikakilaza kwa usiku mmoja, vidoti kila mita 40, vyote juu ya ardhi. Nikamwita.

"Shikamoo mjomba, njoo uone kipande chenu."

"Marahaba." Akavuta kiti, akaangalia treni inavyokwenda, kichwa kinainama, behewa la tatu limeinuka, la tano limezama. Akakaa kimya muda kidogo. "Mpwa wangu, hii ni treni au mbuzi?"

Nikacheka kwa aibu. Akaniambia sisi tulikuwa tunabishana kwa sentimita, wewe hapa unapanda na kushuka mita mbili kila nikipepesa macho, kokoto gani zitakaa hapo?

Nikahesabu baadaye nikaona ana haki. Kidoti kimoja kimo mita 2 juu ya kilichopita, umbali mita 40, huo ni mwinuko wa asilimia 5. Kinachofuata kimeshuka mita moja na nusu, hiyo ni kushuka asilimia 3.75. Reli ya kawaida ya chuma juu ya chuma ikifika asilimia 2 tayari dereva anaanza kuusikia mlima, kwa sababu kila asilimia moja ya mwinuko inaongeza kama kilo 10 za kuvutwa nyuma kwa kila tani ya treni. Treni ya tani 1,000 kwenye asilimia 2 inavutwa nyuma na tani 20. Kwenye asilimia 5 ni tani 50, na kichwa cha dizeli chenye uzito wa tani 100 kinaweza kushika reli kwa nguvu ya robo mpaka theluthi ya uzito wake tu, yani tani 25 mpaka 33 hivi, zaidi ya hapo magurudumu yanazunguka bure. Mwinuko mfupi hautakusimamisha, maana treni ni ndefu na uzito unagawanyika, mabehewa mengine yanashuka mengine yanapanda, ila mabehewa yatagongana na ukikaa ndani ya kabini utaona upeo wa macho unacheza kama uko kwenye ngalawa. Mwinuko wa asilimia 5 ukiwa mrefu wa mita 600 ndo unasimama kabisa, mi nilisimama, nikarudi nyuma nikachukua mbio nikasimama tena.

Kuna wanaosema basi ongeza vidoti, weka kila mita 10. Ndo unaharibu zaidi, kwa sababu unafuata kila kikokoto. Wengine wanasema punguza, weka kila mita 200. Hapo mwinuko unatulia kweli lakini unarudi palepale pa kuanzia, katikati reli imezama au inaelea. Kwa hiyo namna hii kwa reli kuu haina dawa, tatizo si idadi ya vidoti bali nani anamfuata nani.

Hasa ukitumia ardhi ya satelaiti

Hapa nasimama kidogo kwa sababu wengi siku hizi hawachongi milima kwa mkono, wanachukua vimo halisi vya dunia na kuvigeuza kuwa ramani kwa programu kama TransDEM, wanaona sasa ardhi ni ya kweli basi reli ikiwekwa juu yake itakuwa ya kweli. Sio.

Data inayotumika sana kwa huku kwetu ni ya SRTM, ile rada iliyobebwa na chombo cha Endeavour Februari 2000. Kwa muda mrefu nje ya Marekani ilitolewa kwa nukta za karibu mita 90, kuanzia 2014 zikaanza kutoka za mita 30. Vimo vyake vimeandikwa kwa mita kamili, hakuna nusu. Sa fanya hesabu mwenyewe, nukta moja inasema 412 ya jirani inasema 413, umbali mita 30, tayari una asilimia 3.3, na hapo uwandani kabisa ambapo kiuhalisia ni tambarare kama meza. Reli ikifuata hiyo ardhi inapata mawimbi ambayo hayapo duniani, ni ya kukadiria namba tu. Alafu rada haikuona udongo penye msitu mnene, iliona kwa sehemu kubwa majani ya juu, kwa hiyo pembeni ya msitu utakuta kangazi ka mita kadhaa ambako si mlima, ni miti. Mi kipande changu kilikuwa na kangazi ka hivyo nikakachonga vizuri kabisa ili reli ipite, baadaye ndo nagundua nimechonga mvule.

Data hiyo inakupa milima ilipo, mabonde yalipo na mto ulipo, hapo haina mpinzani. Mwinuko wa reli haikupi, huo unautafuta mwenyewe.

Namna ya pili, ardhi ifuate njia

Hapa unaanza na reli. Unakipa kidoti cha chini kimo, unakipa cha juu kimo, unagawa mwinuko kati yao, alafu unatumia ile zana ya kulainisha ambayo ukiibofya kwenye kipande cha reli ardhi ya chini yake inainuka au inashuka mpaka iguse reli. Palipokuwa bonde panazaliwa tuta, palipokuwa kilima panakatwa. Ndo wajenzi wa kweli wanavyofanya, udongo wa kuchimba huku unaujaza kule.

Mfano kutoka ramani yangu baada ya kutupa ile ya mbuzi. Kituo cha chini kipo mita 310, cha juu 382, katikati kilomita 4. Tofauti ni mita 72, gawa kwa 4,000, unapata asilimia 1.8. Kila ubao unaoupita unapanda kama mita 13. Hiyo namba niliiandika kwenye karatasi nikaibandika pembeni ya skrini, kila nikifika ukingo wa ubao naangalia kimo kimepanda 13 hivi, kama hakijapanda najua nimekosea nyuma kabla sijaenda mbali. Programu yenyewe inakuonyesha asilimia kwenye kila kipande ukiwa upande wa reli, itumie, usiamini jicho, jicho linadanganywa na milima ya nyuma.

Na usiruke kutoka sifuri kwenda 1.8 kwa kidoti kimoja. Weka kipande cha 0.9 katikati, hata mita 60 tu, la sivyo hapo panakuwa na kiwiko na behewa refu linaonekana limevunjika mgongo. Reli za mwendo mkubwa ndo zaidi, SGR yetu iliyosanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa haiwezi kuwa na kiwiko, hapo mimi nanyoosha mabadiliko kwa mita mia kadhaa.

Sa ubaya wake. Turubai limerudi. Kwenye gridi ya mita 10 ukilainisha chini ya reli moja, tuta linalozaliwa ni nene kuliko treni yenyewe, na miteremko yake inaenda mita 10 nyingine kila upande. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya vyuma viwili, yani mita moja na kidogo, tuta lako lina upana wa uwanja wa mpira wa watoto. Nyumba iliyokuwa mita 12 kutoka kwenye reli inakuwa nusu inaelea, nusu imefukiwa, kwa sababu vitu vilivyowekwa juu ya ardhi vinapanda na ardhi na sakafu haijui kupinda. Kwenye gridi ya mita 5 afadhali kubwa. Ushauri wangu, lainisha kwanza nyumba baadaye, mti baadaye, stesheni baadaye. Ukishapanga mji alafu ukakumbuka kulainisha utalia.

Ubaya wa pili ni reli mbili sambamba zenye vimo tofauti, ukilainisha hii inazika ile, ukilainisha ile inaelea hii, anayelainishwa mwisho ndo mshindi. Kama umbali kati yao haufiki mita 15 hivi kwenye gridi kubwa bora uzipe kimo kimoja tu.

Wa tatu ni daraja. Hili limenipata saa nane usiku. Umelaza reli, daraja lipo juu ya mto, unalainisha kipande baada ya kipande umeshachoka unabofya na kwenye daraja lenyewe. Ardhi yote iliyokuwa bondeni inapanda juu mpaka chini ya daraja, mto umekatika, una ukuta wa udongo wenye daraja limelala juu yake kama kofia. Kurudisha nyuma kunasaidia ukigundua mapema. Ukigundua kesho yake baada ya kusevu, unachimba mto upya kwa mkono.

Na la nne dogo lakini linakera macho, barabara ikilainishwa ardhi inakuja kimo kilekile hasa cha lami, kompyuta inashindwa kuamua ipi iko juu, lami na nyasi zinapigana zinametameta ukisogeza kamera. Reli haisumbui sana kwa sababu ina kokoto zake zimenyanyuka. Kwa barabara mi nikishalainisha nainua vidoti vyake sentimita 10 hivi, inatulia.

Zikiwekwa pembeni kwa pembeni

Tuziangalie kwa haraka hizo mbili kabla sijaenda kwenye nyingine, maana hapa ndo wengi wanakwama.

Muda: njia kufuata ardhi ni dakika, ardhi kufuata njia ni jioni nzima kwa kilomita chache kama unahesabu vizuri.

Mwinuko: ya kwanza huutawali, unapewa. Ya pili wewe ndo unaamua.

Kinachoharibika: ya kwanza hakiharibiki kitu isipokuwa safari yenyewe, ya pili inaharibu kila kilichokuwa pembeni kama hukupanga mapema.

Ukitazama kwa mbali: hapa ya pili inashinda mbali sana na watu hawalisemi. Reli halisi unaijua kwa matuta yake na sehemu zilizochongwa, ukiwa kwenye basi unaona mstari umekata kilima hata kabla hujaona chuma. Reli iliyolala tu juu ya nyasi inaonekana ya kuchezea hata kama kichwa cha treni ni cha gharama.

Ukikosea: ya kwanza unafuta kidoti basi. Ya pili unaweza kulipa wiki.

Namna ya tatu, usimfanye yeyote amfuate mwenzake

Kuna mahali vyote viwili vinagoma. Bonde la kina cha mita 40 lenye upana wa mita 150, njia ikifuata ardhi ni kuzimu, ardhi ikifuata njia unapata bwawa la udongo ambalo hata mjenzi tajiri asingelijaza. Pale Mpanga kwenye TAZARA nguzo za daraja zinakaribia mita 50, Wachina hawakuwa wapumbavu, walihesabu wakaona zege ni nafuu kuliko kuhamisha mlima. Ukitoka Dar kwa SGR nako mwanzoni unapita juu ya daraja refu la zaidi ya kilomita 2 juu ya mji, si kwa sababu ya bonde, ni kwa sababu chini kuna watu na barabara.

Kanuni yangu ya mtaani ni hii, tuta likizidi mita 15 au 20 nalitazama kama daraja, kilima kikihitaji kukatwa zaidi ya mita 20 au 25 nakitazama kama handaki. Si sheria, ni macho tu. Kwenye daraja vidoti vya ncha zote mbili unavipa kimo cha reli, ardhi unaiacha, unalainisha tu zile mita chache pale reli inapoingia darajani ili pasiwe na ngazi.

Handaki ni kazi zaidi maana unatoboa ardhi mlangoni, na tundu linakula mraba mzima wa gridi. Kwa gridi ya mita 10 tundu ni kubwa kuliko mlango wa handaki, unabaki na pengo unaona mpaka utupu wa chini ya ardhi, inabidi uzibe kwa mawe na vichaka. Kama mstari wako unapita kimshazari kwenye gridi ndo balaa, matundu yanakuwa ya ngazi ngazi. Ukiweza, pinda reli kidogo mlangoni iingie sambamba na gridi. Mi nimewahi kuhamisha handaki mita 30 kwa sababu hiyo tu, na hakuna aliyegundua.

Namna ya nne, ardhi ya kisasa

Kwenye Trainz za karibuni zenye Surveyor mpya, yani ile sehemu ya kujengea ramani, kuna ardhi yenye gridi ndogo sana, sentimita 12.5. Ukiitumia turubai linakwisha, unaweza kuchonga mtaro wa maji pembeni ya reli, bega la tuta, hata alama za matairi kwenye barabara ya vumbi. Namna ya pili niliyoisema juu inakuwa kama imeoga, tuta lina upana wa tuta, nyumba ya jirani inabaki salama.

Je, uhamie? Kama unaanza ruti mpya na kompyuta yako ina kadi ya picha ya maana, ndio bila kufikiri mara mbili. Kama una ruti ya zamani ya kilomita 200 na laptopu ya kuazima, mi nakushauri tulia. Kuibadili ardhi hakurekebishi mwinuko mbovu, mawimbi yako ya asilimia 5 yatahamia nayo na sasa yataonekana vizuri zaidi. Na kazi ya kuchonga inaongezeka, kwa sababu ukishaweza kuchonga mtaro wa nusu mita utautaka kila mahali. Kabla ya kubadili sevu nakala pembeni kwa jina lingine, hili sijadili.

Wa Open Rails

Nawagusa kwa kifupi wanaotumia Open Rails, mchezo mwingine wa treni. Huko kwa urithi wa Microsoft Train Simulator ya 2001 reli ni vipande vilivyokatwa tayari unaviunganisha kama mabomba, kila kipande unakipa mwinuko, haviwezi kujipinda vifuate ardhi. Kwa hiyo swali letu huko limeshajibiwa na mwenye programu, ardhi ndo inafuata, unalaza vipande alafu unaivuta ardhi ije. Wanaotoka huko kuja Trainz huwa hawana ugonjwa wa treni mbuzi, wanaotoka Trainz kwenda huko wanalalamika wiki ya kwanza alafu mwinuko wao unakuwa mzuri maisha yote. Kama unaanza kabisa na hujui ushike ipi, na unachotaka ni nidhamu ya mwinuko, Open Rails ni bure na itakufundisha kwa bakora. Kama unapenda kuchora mandhari, Trainz.

Sehemu ambapo kanuni inapinda

Stesheni na yadi. Hapo hata usiulize, ni tambarare, sifuri. Chora eneo lote kwa kimo kimoja kabla ya kuweka hata reli moja, ukubwa wake uzidi unachohitaji mita 30 kila upande. Behewa lililoachwa kwenye yadi yenye nusu asilimia linaweza kuondoka lenyewe, mimi nilishaenda kunywa maji nikarudi nikakuta mabehewa manne yamefika kwenye buffa, kile kizuizi cha mwisho wa reli.

Barabara kuu ya lami, hii ndo ya katikati niliyosema. Lori linapanda asilimia 6, 7, hata zaidi, kwa hiyo haihitaji tuta kila mahali. Mi naiacha ifuate ardhi kwanza, naangalia asilimia, kipande kinachozidi 8 ndo nakipa kimo na kukilainisha, vingine naviacha. Inatoka na sura ya barabara za kwetu kabisa, hapa imechongwa pale imelala.

Na kivuko, pale barabara inapokatiza reli kwa usawa mmoja, hapa ndo nataka nimalizie maana ndo naulizwa sana. Watu wanalainisha barabara, reli inazama, wanalainisha reli, barabara inakuwa na nundu, wanazunguka hapo saa nzima. Fanya hivi. Reli kwanza, ipe kimo, ilainishe, usiiguse tena. Alafu kidoti cha barabara kilichopo kivukoni kipe kimo kilekile cha reli kwa namba, si kwa jicho. Vidoti viwili vya barabara vinavyofuata, kimoja kila upande, umbali wa mita 15 hivi, navyo vipe kimo kilekile, ili gari lisimame sawa kabla ya kuvuka. Vya tatu, mita 40 zaidi, viachie vilale chini. Alafu lainisha barabara kuanzia kidoti cha pili kwenda nje tu, ile mita 30 ya katikati iache, ardhi yake imeshawekwa na reli.

Nilimwonyesha mjomba kivuko cha hivyo mwezi uliopita, kipo karibu na nyumba mbili za bati na mwembe. Akasogeza mausi mwenyewe safari hii, akashusha kamera mpaka usawa wa chuma, akachungulia kama alivyokuwa anachungulia reli kazini, jicho moja limefumbwa.

"Hapa sawa," akasema. "Lakini maji ya mvua yanaenda wapi?"

Ndo naanza kuchonga mitaro.